Kuwapima wavukaji wa Busia kwa kamera ya simu

Ukitaka kujua kwa video jinsi wavukaji barabara na pikipiki wanavyokaribia kugongana, kaza simu vizuri mahali pake kabla hujagusa kompyuta. Yangu niliiweka ghorofani hapa Busia, upande wa Uganda, iangalie watu wanavyovuka barabara ya kwenda mpakani. Siku ya kwanza nilipata video ya saa nne, nikaitupa yote: mama jirani alianika shuka kwenye ukingo, simu ikainama kidogo tu, vipimo vikaharibika. Siku hizi naikaza kwa waya wa kufungia nondo, na mama namwomba mapema.

Simu nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa kila sekunde. Pitisha video kwenye FFmpeg, programu ya kubadilisha video, fremu ziwe 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho, la sivyo muda utakudanganya.

Kisha shuka barabarani na tepu. Chagua alama nne za chini zinazoonekana kwenye video, tatu zisiwe kwenye mstari mmoja. Pima pande zote na mishazari miwili. Kwa vipimo hivyo, OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, itageuza picha kuwa ramani ya mita. Pima umbali mwingine ambao hukuuingiza. Ukipishana sana na ramani, rudia, usione uvivu.

Kisha YOLO, programu ya kutambua vitu kwenye picha, huchora kisanduku kuzunguka kila kitu inachokiona. Ile iliyofunzwa kwa COCO, mkusanyo wa picha zilizowekwa majina ya vitu, inatambua mtu, baiskeli, pikipiki, gari, basi na lori. Bodaboda iliyopakia wawili itahesabiwa pikipiki moja na watu watatu, na hao "watembea kwa miguu" wanakwenda kilomita 40 kwa saa! Ondoa kila mtu ambaye kisanduku chake kinaandamana na cha pikipiki. Baiskeli za magurudumu matatu ambazo wenzetu walemavu huvushia mizigo hazimo katika makundi 80 ya COCO. Hizo nahesabu kwa macho.

Mahali pa kitu pasome kwenye ukingo wa chini wa kisanduku, gurudumu linapogusa lami. Ukisoma katikati, lori refu litaonekana mita kadhaa mbali zaidi na kamera kuliko lilipo.

Nyuso na namba za magari zifiche kabla hujampa mtu video. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019.

Sasa tabia yenyewe: mvukaji na pikipiki wanapishana kwa muda gani. Tafuta fremu ambayo mvukaji anaondoka kwenye njia ya pikipiki, na fremu ambayo pikipiki inafika palepale. Zikipishana fremu 30, gawanya kwa 25: sekunde 1.2. Wengi huweka kikomo cha hatari kwenye sekunde 1.5. Kila tukio lililo chini ya hapo litazame mwenyewe. Mengi ya kwangu wiki ya kwanza hayakuwa hatari yoyote, ni bodaboda anamkimbilia mteja.