Una grini kadi? Usikimbilie mahakama ya shirikisho

Ndugu zangu mlioko Marekani, kosa hili limenilia miezi minane. Niligongwa na lori hapa Texas, nikavunjika mkono. Kaka yangu wa Mwanza akashikilia kwenye simu: "Nenda ya shirikisho, hiyo ndiyo kubwa." Simlaumu. Nyumbani tumezoea ngazi: Mwanzo, Wilaya, Mahakama Kuu. Lakini jamani, mlioko nyumbani mtusaidie kwa dua, ya mahakama za huku mtuachie. Huku ya shirikisho na ya jimbo ni nyumba mbili jirani, na ya shirikisho ina milango michache.

Mlango wa kwanza ni madai yanayotokana na sheria ya taifa, kama kubaguliwa kazini. Hayo huanzia EEOC, tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Wa pili ni watu wa majimbo tofauti, au raia na mgeni, wanaogombania zaidi ya dola 75,000. Hapo ndipo niliponasa.

Fomu ya kufungulia shauri ina kisanduku cha raia wa nchi ya kigeni. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, dereva ni Mmarekani. Nikatia alama, nikalipa dola 405. Jaji akalitupa kwa aya mbili: mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akiishi jimbo moja na raia anayemshtaki, mlango huo haumhusu. Mimi Texas, dereva Texas.

Narudia: pasipoti ya nyumbani haitoshi! Wadaiwa wakiwa watatu, mmoja tu wa jimbo lako anaharibu yote. Kampuni ina majimbo mawili: iliposajiliwa na yaliko makao yake makuu. Na usijifariji kwamba wakili wao amenyamaza; jaji mwenyewe anaweza kulitupa siku yoyote.

Karani alinipokea kwa tabasamu, akagonga muhuri, basi. Haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Kwetu mtu angekuvuta pembeni akunong'oneze, "Mzee, hapa si mahali pake." Ustaarabu wa huku una ubaridi wake, na mgeni ndiye anayeulipia.

Texas inakupa miaka miwili kudai fidia ya kuumizwa. Nilifungua upya mahakama ya jimbo ikiwa imebaki wiki tatu. Wewe, kabla hujalipa, andika kwenye karatasi jimbo la kila mdaiwa, kisha andika lako, umpelekee wakili aione.