Jinsi ya Kumkaribia Kakatua, wa Porini na wa Kufugwa

Kakatua ni ndege wa jamii ya kasuku, na kinachomtambulisha ni kishungi cha utosini ambacho hukiinua na kukilaza apendavyo. Anayetaka kumkaribia na aanze kwa kukitazama kishungi hicho kabla ya kunyoosha mkono. Kikisimama, ndege amefurahi, ameshtuka au amekasirika, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa furaha na hasira huinua manyoya yaleyale. Tofauti hutafutwa mwilini. Anayetisha hutandaza mkia, hupanua mabawa na kufoka, ilhali aliyetulia hulaza kishungi, husimama kwa mguu mmoja na kutunisha manyoya ya mashavuni hata yakaufunika mdomo kidogo. Huyu wa pili ndiye wa kusogelewa.

Kwa ndege wa kufugwa, simama kando, zungumza kwa sauti ya chini, na umwache aje mwenyewe. Mdomo unaopasua kokwa gumu haushindwi na kidole. Hata hivyo, akikuuma usipige kelele, kwa maana kelele humchangamsha. Akikuinamishia kichwa, mkune kichwani na shingoni pekee, kwani kumpapasa mgongoni au chini ya mabawa humtia ashiki, na baadaye mwenye nyumba huteswa na mayowe asiyojua chanzo chake. Usimpe parachichi wala chokoleti, maana ni sumu kwake. Mwenye pumu ajihadhari na vumbi jeupe la manyoya yake.

Wa porini, hasa nchini Australia, usimlishe kabisa. Kundi lililozoea kulishwa hukaa karibu na nyumba na kutafuna mbao za madirisha na baraza. Mjini Sydney, kakatua wa kishungi cha manjano wamejifunza kufungua mapipa ya taka: huinua mfuniko kwa mdomo, kisha hutembea ukingoni mpaka ukapinduka. Wenyeji huweka matofali juu yake, na baadhi ya ndege huyasukuma yakaanguka.

Anayefikiria kumfuga ahesabu miaka kwanza. Cookie, kakatua wa bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alizaliwa mwaka 1933 akafa 2016, akiwa na miaka 83. Kwa hiyo, kabla ya kununua tundu, kubalianeni nyumbani ni nani atakayemrithi.