Gari likizama mchangani: nunua nini, acha nini dukani

Kifaa cha kwanza hakivuti chochote. Ni kipimo cha upepo wa magurudumu. Tairi lenye PSI 35 hukata mchanga na kuzama; lishushe hadi 18, litandazike, na mara nyingi gari hutoka lenyewe. Mchanga ukiwa laini kupindukia, shuka hadi 15. Chini ya 12 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukipiga kona. Upepo huo lazima urudi kabla ya kuingia lami, kwa hiyo pampu ya volti 12 inaandamana na kipimo. Chagua ya kubana kwenye betri. Ile ya kuchomeka tundu la sigara ni dhaifu, na aghalabu huunguza fyuzi.

Pili, sepetu yenye mpini mrefu wa kufika chini ya ekseli. Chesisi ikiwa imelala mchangani, usivute kabla ya kuchimba. Jeki nayo ipate ubao wa kukalia, kama sentimita 40 kwa 40 na unene wa inchi mbili, la sivyo itazama yenyewe huku gari likibaki palepale.

Sasa mkanda, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mkanda wa kunasulia gari ni wa nailoni, hurefuka ukivutwa kisha hujirudi, na ule mrudio ndio unaolitoa gari. Mjini Mombasa ni rahisi kupata mikanda ya bandarini ya kuinulia mizigo. Ni imara, lakini ni ya poliesta na haivutiki. Ukiivuta kwa kishindo, nguvu yote huishia kwenye bolti za chesisi. Inafaa kuzungushia shina la mti ukitumia winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa kamba. Kamba ya mashua iache mashuani.

Soma lebo kwa makini, maana nambari zake si za aina moja. Kwenye mkanda wa kunasulia, tani zilizoandikwa ni pale utakapokatika. Kwenye pingu ya chuma, kile kiungo chenye umbo la U na pini cha kuunganishia mkanda na gari, ni mzigo salama wa kazi. Mkanda uwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya yale mawili, linalovuta na lililozama, likiwa na mzigo wake. Prado iliyojaa hukaribia kilo 2,900, hivyo mkanda wa tani 8 unaitosha. Suzuki Jimny ya kilo 1,400 hivi inataka tani 3 hadi 4. Ukiifunga ule wa tani 8 "kwa usalama", hautavutika, na utakuwa umenunua mnyororo wa kitambaa. Pingu za tani 4.75, mbili, zatosha kwa gari la ukubwa wa Prado. Kaza pini kwa mkono, kisha irudishe robo mzunguko ili isigande.

Utafunga wapi? Kwenye ndoana iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi, basi. Vile vitanzi vyembamba vya kulifungia gari melini havikuundwa kwa mshtuko. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela usikiguse kabisa: kikikatika, mkanda hukirusha hadi kikapasua kioo na kuua.

Wakati wa kuvuta, acha mita mbili za mkanda zikiwa zimelegea, weka blanketi zito katikati yake, na watu wakae mbali kupita urefu wa mkanda. Gari linalovuta liondoke polepole kwa gia nzito. Lisipotoka mara ya pili, rudini kwenye sepetu.

Ufukweni, Diani au Kikambala, hesabu maji pia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hupanda zaidi ya mita tatu, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita hivi. Usianze kuchimba maji yakiwa yameshageuka kabla ya kutafuta gari la pili.

Ukirudi nyumbani, suuza mkanda kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uanike kivulini mpaka ukauke kabisa. Chembe za mchanga zikibaki ndani husaga nyuzi. Paka pini za pingu grisi. Mkanda wenye mkato pembeni, hata mdogo, ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, mtu asije akauokota akautumia.