Ukiona weupe kwenye sakulenti, gusa kabla hujapulizia dawa

Binti wa jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea echeveria yake kwenye kopo la rangi. Echeveria ni sakulenti, yaani mmea wa majani manene yanayohifadhi maji. "Shangazi, imeingia ukungu. Nimeipulizia dawa wiki tatu, haisikii." Nikachovya kijiti cha masikio kwenye spiriti, nikagusa ule weupe kwenye makwapa ya majani, pale jani linaposhikana na shina. Ile pamba ikayeyuka, akabaki mdudu wa rangi ya waridi. Vidung'ata. Dawa ya ukungu haiwaui hawa, na wiki tatu nzima walikuwa wanaendelea kunyonya.

Kwa hiyo gusa kwanza. Weupe wa pamba uliojificha makwapani ni vidung'ata. Weupe mwembamba uliotanda sawasawa jani zima, ukipitisha kidole unafutika na haurudi, ni nta ya mmea wenyewe. Uache, ndio mwavuli wake wa jua. Mabaka kama unga yanayozidi kupanuka ndiyo ubwiri unga, na huo kweli ni ukungu: kata majani yaliyoshikwa, sogeza kopo penye upepo. Vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu magamba. Utando mwembamba na jani lililochujuka rangi ni utitiri, hasa siku za joto kavu. Ukiona masizi meusi, au sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta mdudu: sisimizi wanafuata utamu anaoutoa, na masizi yanaota juu ya utamu huohuo.

Vidung'ata na magamba nawatibu namna moja. Kopo nalitenga na mengine siku hiyohiyo. Nanunua spiriti ya asilimia 70 duka la dawa, najaribu jani moja, nasubiri siku mbili. Jani likiwa salama, nampaka kila mdudu kwa kijiti, na hiyo ni kazi ya jioni, maana jani lenye spiriti likipigwa na jua linaungua. Narudia kila baada ya siku saba, mara nne, kwa kuwa mayai yanaanguliwa baadaye. Wengi wanaacha baada ya mara ya kwanza, ndiyo maana mdudu anarudi. Mafuta ya mwarobaini, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji yenye matone ya sabuni, nayatumia kwa mshubiri. Echeveria siipaki, mafuta yanaivua nta yake.

Mmea ukiendelea kudhoofu na juu huoni kitu, ung'oe. Weupe wa pamba kwenye mizizi ni vidung'ata wa chini. Osha mizizi hadi udongo wote utoke, udongo huo utupe mbali, mwagia kopo maji ya moto, acha mizizi ikauke kivulini siku tatu ndipo upande upya.

Sasa kuoza, ambako kwetu Tanga ndiko kunakoua zaidi, masika yakishika. Majani yanalainika, yanakuwa kama yamejaa maji, yanadondoka ukiyagusa tu. Shina linageuka jeusi kuanzia chini. Usingoje kesho. Futa kisu kwa spiriti, kata ukipanda juu, na kila mkato tazama moyo wa shina. Kukiwa na duara la kahawia, hata dogo kama punje ya mchele, kata tena. Mwaka mmoja niliacha duara kama hilo kwa huruma, nikaupoteza mmea wote. Paka mkato unga wa salfa, weka kivulini ukauke kabla ya kupanda. Vitabu husema siku chache. Kwa unyevu wa bahari yetu mimi naacha siku kumi.

Udongo nachanganya nusu mchanga mnene wa mtoni, robo vipande vya mkaa, robo samadi iliyooza. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Tazama mkonge, ulioletwa huku mwaka 1893: nao ni mmea wa majani ya kuhifadhi maji, na shambani hautaki kusimama kwenye tope. Masika yote makopo yangu yanakaa chini ya ukingo wa baraza, nayamwagilia udongo ukikauka hadi chini.

Shina likiwa limeoza lote, chuma majani mazima kutoka kitakoni, yalaze juu ya mchanga mkavu kivulini, usimwagie maji. Echeveria ya yule binti tuliyachuma majani sita. Matatu yameshatoa vichipukizi.