Nakili taarifa za chanzo papo hapo unapokisoma
Mwanafunzi anayeandika tasnifu hujiepushia mahangaiko mengi akinakili taarifa za chanzo siku ileile anapokisoma, kwa kuwa kila aina ya chanzo hudai taarifa zake. Katika mtindo wa kutaja vyanzo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, kitabu huhitaji jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu na mchapishaji. Makala huhitaji jina la jarida, juzuu, namba ya toleo na kurasa. Sura iliyomo katika kitabu kilichohaririwa ndiyo huwaponza wengi: anayetajwa kwanza ni aliyeandika sura, si mhariri. Mazungumzo binafsi ya simu au barua pepe hutajwa ndani ya matini tu, wala hayaingii kwenye orodha ya marejeleo, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia.

Linalonisikitisha zaidi ni kuorodhesha kazi ambayo mtu hakuisoma. Ikiwa maneno ya mtaalamu wa mwaka 1998 umeyakuta ndani ya kitabu cha mwenzake cha mwaka 2015, andika jina la wa kwanza na mwaka wake, ongeza “kama alivyonukuliwa na”, umtaje wa pili na mwaka wake, kisha kwenye orodha umweke huyo wa pili peke yake.