Kabla hujatuma sadaka kwa jumuiya, omba hesabu zao

Jamani Ramadhani ikikaribia tu simu zetu zinajaa mapicha ya mayatima, visima, futari za Micheweni kule Pemba, na namba ya simu ya kutuma pesa chini yake. Mimi siku hizi kabla sijatuma naangalia kwanza namba ile ina jina la nani. Likitoka jina la mtu binafsi badala ya jina la jumuiya nauliza akaunti ya benki, na wanaosaini kutoa pesa wangapi, maana akisaini mmoja tu hapo hamna wa kumzuia.

Halafu naomba ripoti ya mkaguzi ya mwaka jana. Usiishie kwenye jalada lenye picha nzuri, nenda ukurasa wa maoni ya mkaguzi uone kama ni hati safi, yaani hesabu ziko sawa, au ina mashaka, kisha tizama mapato na matumizi. Tuseme walikusanya milioni 20, kisima kikala 13, ofisi 3, zilobaki 4 ziko wapi? Zinaweza kuwa akiba ya mwaka ujao na hilo si kosa, lakini iwe imeandikwa. Na tusiwaonee kwa mishahara na mafuta ya gari, maana anosema hana gharama hata senti moja mimi ndo namtilia shaka zaidi.

Jumuiya ndogo ya mtaani haina mkaguzi, sawa, basi ioneshe risiti na taarifa ya benki. Usajili ulizia kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya Zanzibar.