Mota ikisoma megaomu chache: ya kukausha au ya kusuka?

Mota ya mashine ya kusaga imelala bandani masika nzima, unaipima inasoma megaomu 1. Usikimbilie kwa fundi wa kusuka, yaani kuzungusha upya waya za koili za mota. Namba hiyo peke yake haisemi kama insulesheni (kinachozuia umeme usivuje kutoka kwenye waya) imeungua au imelowa tu, na gharama za hayo mawili haziko karibu hata kidogo. Kinachoyatenganisha ni jinsi kipimo kinavyokwenda ndani ya dakika moja, na mahali hasa umeme unapovujia.

Hapa ni mota za fezi tatu za volti 400: za kusaga, kukoboa, kusukuma maji. Kifaa ni mega, yaani kipima insulesheni; iweke kwenye volti 500 DC. Multimita haifai, kwani betri yake hutoa volti chache tu. Inaweza kukuambia mota ni salama huku breka ikianguka kila unapoiwasha.

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo. Fungua boksi la teminali na upige picha jinsi vibati vya shaba vinavyounganisha koili vilivyokaa, kwa mtindo wa nyota au delta. Kisha vitoe, pamoja na nyaya zote zinazotoka kwenye stata (kiwashio cha mota). Wengi hupima wakiwa kwenye paneli ili kuepuka kazi hii. Kama kuna inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota), volti 500 zinaweza kuiua papo hapo. Kama haipo, umepima kebo na mota kwa pamoja na hujui ipi mbovu. Nyaya za themista (vihisi joto vya ndani ya koili), kama zipo, zisokote pamoja uzifunge kwenye bodi ya mota. Zenyewe usizipime kwa mega kamwe.

Sasa mulika ubao wa teminali kwa tochi. Kwenye banda la kusaga utakuta unga umeganda katikati ya boliti kama uji uliokauka. Unga hunyonya unyevu, na umeme hutambaa juu yake kutoka boliti hadi bodi. Usafishe kwa brashi na kitambaa kikavu kabla hujazilaumu koili.

Jaribu mega yenyewe: ncha zikiachana isome juu kabisa, zikigusana isome sifuri. Ncha moja ishike bodi mahali penye chuma kitupu, maana rangi nayo ni insulesheni na itakupa namba nzuri ya uongo. Nyingine iweke U1, teminali ya koili ya kwanza (V1 ni ya pili, W1 ya tatu). Pima dakika moja kamili, ukiandika kipimo cha sekunde 30 na cha sekunde 60. Ukimaliza, unganisha koili na bodi kwa dakika 4 hivi ili chaji iliyobaki iishe. Hiyo chaji inaweza kukupiga. Rudia V1 na W1, halafu pima koili kwa koili: U na V, V na W, W na U.

Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mota hizi ni megaomu 5, joto la koili likiwa nyuzi 40. Joto lina uzito hapa: kila likipanda nyuzi 10, kipimo hupungua kwa nusu hivi. Mota inayosoma megaomu 12 asubuhi ya baridi, koili zikiwa na nyuzi 20, ni sawa na megaomu 3 kwa nyuzi 40. Imefeli. Ile inayosoma 2 ikiwa bado ya moto, nyuzi 60, ni sawa na 8, na imepita.

Kama imefeli, tazama mambo mawili. Kwanza, koili zote tatu zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana? Huo kwa kawaida ni unyevu au uchafu, ambao hauchagui fezi. Koili moja ikiwa karibu na sifuri na mbili nzuri, insulesheni imetoboka mahali pamoja, na kukausha hakutasaidia. Pili, gawanya kipimo cha sekunde 60 kwa kile cha sekunde 30. Ukipata 1.4 au zaidi, insulesheni bado ina afya. Ikiganda karibu na 1, imelowa au imechafuka. Mshale ukirukaruka, kuna ufa unaopitisha cheche. Hiyo ni ya kusuka.

Pampu ya kisimani ina kanuni zake. Ikiwa imezama, unapima kebo, kiungo na mota kwa mara moja, hivyo megaomu 1 si ajabu. Chini ya 0.5 ivute juu, na uanze na kiungo cha kebo kabla ya mota.

Mota iliyolowa maji safi fungua, toa rota (sehemu inayozunguka), toa plagi za matundu ya maji, uikaushe kwenye oveni: nyuzi 90 kwa saa 12 hadi 16, kisha nyuzi 105 kwa saa 6 hadi 8. Iliyozama maji ya bahari mara nyingi huishia kusukwa, kwa sababu chumvi hubaki ndani hata maji yakikauka.

Wakati wa kukausha, pima kila saa. Mwanzoni kipimo kitashuka, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuzima oveni. Ni joto tu linalokishusha. Kitakaa chini kwa muda, kisha kitaanza kupanda unyevu unapotoka, na kazi imeisha kikiacha kupanda.

Ikisoma vizuri na bado inaangusha breka, mega haina la kusema zaidi: haioni mizunguko ya koili moja iliyogusana yenyewe kwa yenyewe. Pima omu za koili tatu kwa kifaa cha omu ndogo. Ile iliyo chini ya wenzake ndiyo yenye tatizo.